Kukata Kioo Moyo Ukienda Mbio

Mimi nakata vioo. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinikuta karakana hudhani nimemletea mume wangu chakula. Mume wangu anafundisha hesabu, na kioo cha kunyolea ndevu ameshakiangusha mara mbili. Fundi ni mimi, mwaka wa kumi na nne huu, katika karakana ya mjomba wangu. Mistari yangu imenyooka mpaka wenzangu wakanipa jina la Rula, na jina likanikaa.

Kioo hakikatwi kama watu wanavyodhani. Unakichora tu. Unachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, unalaza rula ndefu, mkono wa kushoto unaibana, wa kulia unavuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha unakivunja palepale ulipochora. Sheria ni moja, na mtu huambiwa siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: ukishaanza, mkono haunyanyuliwi. Ukisimama katikati ukarudia, kioo kitavunjikia kinakotaka chenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa Jumanne moja asubuhi, mimi, Rula mwenyewe, nikanyanyua mkono katikati.

Nilikuwa nimefika nusu ya kioo cha dirisha. Moyo ukaruka pigo moja, ukatulia kidogo, kisha ukaanza kwenda mbio. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, kijasho chembamba kikanitoka. Nikaacha kikatio nikapeleka vidole viwili shingoni kuhesabu mapigo. Nilifika thelathini nikapoteza hesabu. Niliporudi kumalizia mstari na kukivunja, kioo kilikata kona kikaenda zake.

"Mteja kaagiza dirisha, wewe umemkatia ziwa," alisema Gundi. Huyu ndiye anayepachika vioo kwenye fremu, mtu mzima mwenye wajukuu, na mdomo wake haujawahi kuchukua likizo.

Nikacheka. Ndani nilikuwa nalia, maana hicho kilikuwa cha tatu mwezi ule.

Mambo yalianza miezi mitano kabla, jikoni kwangu, nikimenya vitunguu. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na msiba, vitunguu tu. Moyo ulinienda mbio mpaka nikajua nakufa. Nilibadilisha nguo za ndani kwanza, maana zile nilizovaa zilikuwa zimechoka na sikutaka manesi wanisimulie, ndipo nikamwambia mume wangu anipeleke hospitali. Wakanibandika nyaya kifuani, wakatoa damu, wakanipiga picha. Daktari, mwanamke mwenye sauti ndogo na viatu vya michezo, akaniambia moyo wangu ni mzima na damu yangu haina tatizo. Kilichonipata ni hofu. Mwili umepiga king'ora na moto hakuna.

Wengine wakiambiwa wazima humshukuru Mungu. Mimi nilikasirika.

"Daktari," nilimwambia, "mimi ni mtu wa kazi. Sina muda wa hofu."

"Na yenyewe haikukuuliza kama una muda," akajibu.

Sikumsikiliza zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo vidole vyangu vilihamia shingoni. Nikiamka napima, nikipanda ngazi napima, nikisubiri maji yachemke napima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwangu kila pigo lililozidi kidogo lilikuwa nyoka. Kadiri nilivyopima ndivyo moyo ulivyozidi kukimbia. Nyumbani nilisema ni uchovu. Mume wangu akaona ninavyojishika akadhani nina upele, akaninunulia mafuta ya kupaka. Nilipaka, nitafanyaje?

Baada ya lile ziwa, Mjomba hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Jioni aliniita kwenye kichumba chake cha ofisi, akaondoa makaratasi kwenye kiti ili nikae.

"Mpwa wangu, vimefika vitatu."

"Najua, Mjomba."

"Shule ya dansi wanataka vioo sita vya ukutani, virefu kuliko mimi na wewe tukibebana. Mabamba yanafika Alhamisi ijayo, na ya akiba hayapo. Ijumaa tunakata." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ukiweza, kata. Ukiona huwezi, niambie mapema. Gundi atashika meza na wewe utakaa hapa upokee simu. Si adhabu. Naogopa siku moja utajikata mkono."

Nilitoka pale nikapita kwenye meza ya kukatia. Meza ile nimeijua tangu nilipokuwa msichana. Mjomba alinifundisha akiwa amesimama nyuma yangu, ameshika kiwiko changu kwa vidole viwili. Duniani kuna vitu vingi nisivyoviweza. Siwezi kupika wali usiungue, siwezi kuimba, siwezi kunyamaza. Kukata kioo ndicho kitu ninachokiweza kuliko watu wengi, na nilikuwa naogopa kwamba nikitolewa pale nitabaki mtu wa kujishika shingo tu.

Kesho yake nikarudi kwa yule daktari. Safari hii sikutaka nyaya.

"Ikianza, huwa unafanya nini?" aliniuliza.

"Naacha kila kitu, napima mapigo."

"Halafu?"

"Nasubiri itulie."

"Ikishatulia?"

"Nasubiri isirudi."

Akacheka, na mimi nikajisikia nilivyosema, nikacheka pia. Akaniuliza kuhusu kazi. Nikamweleza yote, kikatio, mafuta ya taa, na ile sheria ya kutonyanyua mkono. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza umbea mzuri. Kisha akasimama.

"Twende kwenye ngazi."

Tulipanda kwa kukimbia hadi ghorofa ya tatu, tukashuka, tukapanda tena. Yeye alikuwa na viatu vyake vya michezo, mimi na viatu vya wazi. Watu walitupisha wakidhani kuna mgonjwa amezidiwa. Kule juu moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka masikioni.

"Mikono mfukoni," akasema. "Moyo unakwendaje?"

"Unataka kutoka."

"Umekufa?"

"Bado."

"Ni moyo uleule na mbio zilezile. Za ngazi huziogopi kwa sababu unajua zimetoka wapi. Na zile nyingine sasa unajua zimetoka wapi. Hofu hupanda, ikafika juu kabisa, ikashuka yenyewe. Wewe hujawahi kuiona ikishuka yenyewe, kwa sababu kila mara unaikatiza katikati uende kuishika."

Nilisimama pale nikihema, hasira zote zimeniisha. Miezi mitano nilikuwa nanyanyua mkono katikati, na si kwenye kioo peke yake.

Alinipangia kuonana na mshauri kila Jumatano, mama mmoja mpole asiyeshangaa kitu. Akanipa na kazi ya nyumbani: kila siku niukimbize moyo kwa makusudi, kisha nifanye kazi nao ukiwa bado unakimbia. Pumzi nitoe polepole kuliko ninavyoivuta. Shingo marufuku.

Karakana yetu ina ngazi ya chuma ya kupandia stoo, vipandio ishirini na viwili. Mchana wenzangu wakienda kula, mimi nikawa napanda na kushuka mbio kama mtu anayedaiwa. Siku ya pili Gundi akanifuma.

"Rula, unafukuzwa na nani?"

Nilitaka kudanganya. Halafu nikakumbuka kwamba mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka nimevunja vioo vitatu. Nikamwambia kila kitu, nimekaa kwenye kipandio cha chini, jasho linanitiririka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Gundi alinyamaza.

"Mimi hiyo ilinikamata mwaka mzima nilipomzika mama watoto," akasema mwishowe. "Nilidhani ni gesi. Nikanywa dawa za tumbo mpaka muuza duka la dawa akakataa kuniuzia."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa na mistari imenyooka."

Tulitazamana, tukaangua kicheko cha watu wazima wawili wajinga. Kisha mdomo wake ukarudi kazini. Alisema dawa ni kunipaka gundi ya vioo shingoni, nikipeleka vidole vinase hukohuko nitembee navyo mpaka Jumapili. Nilipomkatalia, akajifanya kocha. Mimi nakimbia ngazi, yeye ananipangia mabaki ya vioo mezani, nikifika anapiga kelele: "Kata!"

Siku ya kwanza nilianza mistari mitano na yote nikaikatiza. Kila vidole vilipopanda shingoni alinguruma, "Mkono!" mpaka jirani fundi viti akaja kuuliza kuna nini. Siku ya tatu nilimaliza mstari mmoja huku meno yananigongana. Ulikuwa umepinda kidogo, lakini ulikuwa mzima, nami nikaubusu mbele ya watu. Kufika Alhamisi nilikuwa napata kumi na moja katika kumi na mbili, na ule wa kumi na mbili ni Gundi aliyepiga chafya.

Ijumaa ikafika. Wanaume wanne waliingiza bamba la kwanza wakitembea pembeni pembeni, wakalilaza juu ya blanketi la meza. Lilikuwa kubwa mpaka dari lote lilionekana ndani yake, na mimi nikiinama juu yake, uso umenishuka. Mwalimu wa dansi alikuja kushuhudia vioo vyake vikikatwa, mwanamke mrefu mwenye mkoba mkubwa. Nilimsalimu Mjomba, nikachovya kikatio, nikalaza rula.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Haikuwa ya ngazi. Ilikuwa ile yenyewe, ya jikoni, imekuja na jamaa zake wote. Moyo uliruka, ukaondoka. Kifua kikafunga. Masikio yakajaa mvumo. Nikaona mkono wangu wa kushoto kwenye kioo, umeshaacha rula, uko njiani kwenda shingoni.

Mjomba aliuona. "Tusubiri kidogo?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Watu wote waliniangalia. Nami nilitaka kusubiri, sitadanganya. Nilitaka kukaa chini, nipewe maji, niambiwe pole. Lakini kusubiri nilikuwa nimekufanya miezi mitano na hakukuwa kumeniletea kitu. Nikaurudisha mkono kwenye rula.

"Hapana, Mjomba. Moyo wangu unakwenda mbio. Daktari ameupima, ni mzima. Ni hofu, na ndiyo iliyovunja vile vitatu, nikakuficha. Nitakata nayo hivi hivi."

  Aliyenijibu ni mwalimu wa dansi.

"Mimi kila siku ya onyesho hutapika kwanza," akasema, akaweka mkoba wake chini. "Kata, dada."

Nikapiga moyo konde, na liwalo na liwe. Nikatoa pumzi polepole, nikabana rula, nikaanza kuvuta.

Robo ya kwanza kiwiko kilikuwa kinajua kazi yake. Kikatio kililia vizuri, ule mkwaruzo mwembamba usiokatika. Nusu ya bamba, hofu ikafika juu kabisa. Kizunguzungu kilikuja, na sauti ile ya miezi mitano ikaniambia: pima, pima sasa hivi, utakufa hapa mbele ya mgeni. Mkono wa kushoto uliwaka kwa kutaka kunyanyuka. Nikaukandamiza palepale. Dunda, nikauambia moyo wangu, dunda unavyotaka, mimi niko kazini. Nikasogeza mguu, nikavuta. Robo tatu. Nikavuta. Na huku navuta nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisubiri mpaka kikatokea: hofu ilikuwa inashuka. Hakuna aliyeishika. Ilikuwa inashuka yenyewe, nami mkono haujanyanyuka. Kikatio kikatoka ukingo wa pili na kudondosha tone la mafuta kwenye kiatu changu.

Tulikisogeza kioo hadi pembeni mwa meza. Nikashika upande wangu, Gundi akashika wake, nikahesabu mpaka tatu. Kikalia mara moja, safi, kikaachana.

Mjomba alivua miwani. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi nao. Gundi alikuwa anafuta macho kwa kitambaa chenye gundi, jambo ambalo hata mtoto anajua halifanywi, na baadaye tulimwosha kwa maji nusu saa.

"Moyo umetulia?" Mjomba akaniuliza.

Nilijisikiliza bila kujishika.

"Bado unakwenda mbio, Mjomba."

"Haya," akasema, akawageukia wanaume wanne. "Mleteeni cha pili."

Tulikata vyote sita kabla ya saa sita mchana. Kwenye cha nne moyo ulianza tena, na sikumwambia mtu, maana nilikuwa na kazi.