Ndugu wa Yule Aliyesulubiwa

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa msajili wa vizazi na vifo. Dirisha lake lilikuwa la tatu kutoka mlangoni, na watu walimwita Mama Muhuri, kwa sababu karatasi isiyopita mkononi mwake haikuwa karatasi. Kanisani hakukosa. Alikuwa anaamini kama anavyopumua, bila kufikiria.

Mdogo wake wa kiume, wa mwisho kwa mama yao, alifundisha historia katika chuo cha ualimu. Huyo dini aliiacha zamani, ila chakula cha Jumapili kwa mama hakukiacha. Na Jumapili moja, sahani zikiwa bado mezani, alianza uchokozi wake.

"Dada, mtu akija dirishani kwako hana cheti, hana kitambulisho, hana hata kadi ya kliniki, unamwandika?"

"Simwandiki."

"Basi huyo Yesu wenu hana karatasi. Hakuacha barua, kaburi lake watu wanagombania ni lipi, na hakuna karani aliyemwandika siku aliyozaliwa. Mimi sisemi alikuwa mbaya. Nasema pengine hakuwepo."

Mama Muhuri alisukuma sahani yake kando. Mama yao ndiye aliyejibu, huku akikusanya vijiko.

"Wewe nilikuzalia chumba kile pale. Cheti chako tulikipata ukiwa na miaka saba, unaanza shule. Hiyo miaka yote kabla ya hapo ulikuwa hewa? Mbona hewa ilikuwa inakula sana?"

Wote wakacheka, hata mchokozi mwenyewe. Lakini alikuwa na tangazo. Maktaba ya mji ilikuwa imeandaa mdahalo Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri: je, Yesu aliishi kweli? Upande wa kukana angesimama yeye. Upande wa kukubali angesimama mchungaji wao.

"Njooni mumsikie mchungaji wenu akitoa jasho," alisema.

Wiki ile Mama Muhuri hakuwa na raha. Alipiga mihuri, alikagua majina, lakini swali lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba lilikuwa swali la kazi yake mwenyewe, na hakuwa amewahi kujiuliza.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Mama Muhuri na mama yake walipata viti vya mbele. Saa tisa ilifika, mchungaji hakuonekana. Kisha mkutubi akasimama, akaomba radhi: mchungaji alikuwa ameitwa kwenye msiba, na badala yake amekubali kusimama mwalimu mstaafu ambaye wengi wanamfahamu.

Akaingia Mwalimu Miwani, mkongojo mkono mmoja, bahasha kuukuu mkono wa pili.

Minong'ono ikazuka. Nusu ya ukumbi ule alikuwa amewafundisha historia, Mama Muhuri na mdogo wake wakiwamo. Na kila mtu alijua kwamba mzee yule haonekani kanisani isipokuwa kwenye harusi, na hata huko hukaa karibu na mlango.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mdogo mtu, ameduwaa. "Wewe ndiye wa upande ule?"

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi. Anza, nikusikie kama ulinielewa darasani."

Alianza, na alisema vizuri. Dada yake alijikuta akimwonea fahari na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Alisema hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa na Yesu mwenyewe. Hakuna kumbukumbu ya kesi yake kutoka baraza la liwali Mrumi. Simulizi za maisha yake ziliandikwa na waliomwamini, baada ya miaka arobaini au zaidi. Na yule Myahudi mwandishi wa historia anayetajwa kila mara, kitabu chake kilichezewa na wanakili wa baadaye, wakaongeza maneno yao.

"Mwalimu wangu," alimalizia, "wewe ndiye uliyetufundisha: asiye na ushahidi na akae chini. Nakusubiri ukae."

Watu wakapiga makofi, wengine wakaguna. Mzee alisubiri wanyamaze. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Kwanza niseme ukweli wangu. Mimi si mtu wa kusali. Nikiulizwa kama alifufuka, nitasema sijui, na historia haina mizani ya kupimia jambo hilo. Lakini swali la leo ni dogo. Aliishi?"

Akatoa karatasi kwenye bahasha.

"Kijana wangu anasema kitabu cha yule Myahudi kilichezewa. Ni kweli, sehemu moja ilichezewa, na wasomi wengi wanakubali hivyo. Lakini kuna sehemu ya pili, fupi, haina sifa wala mbwembwe, na hiyo wengi wanaiona ni yake. Mwandishi huyu alikulia Yerusalemu. Anaeleza jinsi kuhani mkuu mmoja alivyovuka mipaka, akamhukumu mtu apigwe mawe. Anamtambulisha mtu huyo kama vile wewe ungemtambulisha jirani: Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Basi. Anaendelea na habari zake."

Akageuza karatasi.

"Kuna mwandishi Mrumi pia. Huyo aliwadharau Wakristo, aliwaona kama ugonjwa. Anasema jina lao limetokana na mtu aliyeuawa na Pontio Pilato, Tiberio akiwa mtawala. Adui hakutafutii cheti cha kuzaliwa, lakini hapa amekuandikia cha kifo."

Mdogo mtu aliinua mkono. "Aliandika miaka themanini baadaye, Mwalimu. Huenda alisikia kwa Wakristo wenyewe."

"Huenda. Hoja nzuri, ishike. Nikuletee wa karibu zaidi." Mzee aligeuka. Macho yake yalipita safu ya mbele, yakasimama. "Mama Muhuri. Simama, binti yangu."

Mama Muhuri alisimama.

"Amekufa mtu mwaka huu. Hakuwahi kusoma, hakuwa na cheti, hakupigwa picha. Watu wanakuja dirishani kwako kuandikisha kifo chake. Unawaambia hakuwepo?"

"Hapana, Mwalimu. Nauliza nani aliyemjua. Wanaleta mashahidi, wanaapa."

"Shahidi wa kwanza unamtaka nani?"

Alijibu kama anavyojibu kila siku, bila kufikiri: "Ndugu wa damu. Ndugu wa tumbo moja akiwepo, sihitaji kuhangaika na majirani."

Neno lilimtoka, ndipo akasikia alichosema.

"Asante. Kaa." Sauti ya mzee ilishuka, watu wakainama mbele ili wamsikie. "Kulikuwa na mtu aliyewasaka Wakristo, kisha akageuka akawa mmoja wao. Miaka ishirini na kidogo baada ya msalaba aliandika barua kwa watu aliogombana nao. Ndani yake anasema alikwenda Yerusalemu, akakaa na Petro siku kumi na tano. Wa pili aliyemwona huko ni Yakobo, ndugu wa Bwana. Na anaapa kwamba hasemi uongo. Barua hiyo haikuandikwa kuthibitisha kwamba Yesu aliishi. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Aliitaja safari tu, kama mtu anavyotaja kwamba alipita kwa shemeji. Sasa niambieni: mtu asiyekuwepo anapataje ndugu wa kuonana naye uso kwa uso?"

Mdogo mtu aliangalia karatasi zake kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo dada yake hakulitegemea. Akazikunja.

"Aliishi," alisema. "Mengine siyakubali, Mwalimu. Lakini aliishi."

"Mengine na mimi siyajui," alisema mzee, akakaa.

Makofi yalipolipuka Mama Muhuri hakupiga. Mama yake alimgusa goti. "Mbona hupigi makofi? Upande wetu ndio umeshinda."

"Mama, nilikuwa najua aliishi. Nimejua tangu utotoni. Lakini leo ndipo nimejua."

Mama alimtazama, akaona ni jambo la kumwachia, akaenda kumsalimia Mwalimu.

Nje, jua bado likiwaka, Mama Muhuri alimkuta mdogo wake amekaa peke yake kwenye ngazi za maktaba. Alidhani ameumia. Akakaa kando yake.

"Umenikasirikia?" aliuliza mdogo mtu.

"Hapana. Naogopa."

"Unaogopa nini tena, Dada?"

Alitafuta maneno. "Miaka yote nimemwomba kama aliye juu, mbali, kwenye mwanga. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyelala naye chumba kimoja. Aliyegombania naye mto wa kulalia. Mtu aliyetumwa nje na mama yao, nenda kamwite ndugu yako, chakula kinapoa. Nitapigaje magoti kesho? Nitasema nini mbele ya mtu kama huyo?"

Alitegemea kicheko. Hakikuja. Mdogo wake alikuwa akitazama barabara, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyekua naye, si ya mwalimu wa chuo.

"Barua ile nimeisoma mara nyingi. Kila mara niliruka pale, nikitafuta makosa mbele. Siku kumi na tano, Dada. Amekaa na mtu aliyetembea na Yesu, akaonana na ndugu wa Yesu. Hakuandika walichozungumza. Hata neno moja!" Alishika kichwa. "Mimi siamini, unajua siamini. Lakini ningetoa vyote nilivyosoma, niketi kwenye kona ya nyumba ile saa moja tu, niwasikilize."

Mama Muhuri alisogea, mabega yao yakagusana, kama walipokuwa wadogo wakingoja mvua iishe. Watu walipita wakishuka ngazi, wakiendelea kubishana, mikono hewani, na wao wawili wakabaki pale.