Kidevu cha Mkwe

Lusubilo alikuwa na ngozi ya ajabu, jamani. Kutwa nzima alishinda juani pale Tunduma akishona maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, maturubai magumu ya kuvunja sindano, na mikono yake haikulalamika hata siku moja. Lakini wembe ukimpita kidevuni mara moja tu, basi. Kesho yake uso umevimba, keshokutwa vipele vyenye usaha vimemjaa kuanzia shingoni hadi masikioni, na madereva wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanamcheka. "Mulamu, shemeji yetu, umegombana na nyuki?"

Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akaacha kunyoa. Ndevu zikaota, zikajaa, uso ukapumzika, na angeendelea hivyo hadi uzeeni kama asingempenda Nesta.

Nesta alikuwa akiuza mapazia sokoni hapohapo Tunduma, lakini kwao ni Isongole, kule Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Msichana wa maneno machache na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Walipokubaliana kuoana, Lusubilo akaona ni heshima kwenda kujitambulisha akiwa amenyoa. Wee! Siku moja kabla ya safari alikwenda kwa Masudi kinyozi, akanyolewa kwa mashine kinyumenyume hadi ngozi ikang'aa, kisha akasuguliwa spiriti kama kawaida ya saluni. Alipofika ukweni uso ulikuwa umeshaumuka. Shangazi yake Nesta, Gwalugano, mwanamke anayeogopwa na ukoo mzima, akamkodolea macho, kisha akatamka mbele ya watu wote kwamba hawezi kumpa mtu anayeumwa binti yao. Lusubilo alipojaribu kueleza habari za wembe alikatwa kauli. Yeye na mshenga wake wakaondoka bila hata kukaribishwa chakula.

Akarudi kwenye ndevu zake. Mshenga huyo, Clement, fundi wa matairi mwenye mdomo mwepesi, akatumwa tena Isongole kuomba msamaha wa jambo ambalo hata halikuwa kosa. Akarudi na neno la baba mtu, Mzee Rabson.

"Amesema uende mara moja ya mwisho, siku hiyo wakupe ndiyo au hapana. Ila uende na uso. Amesikia umefuga ndevu. Anasema hatoi binti kwa kichaka."

Unaona alivyobanwa? Akienda na ndevu, baba hataki. Akinyoa, shangazi hataki. Na Nesta alishamwambia wazi, machozi yakimlenga, kwamba bila baraka za baba yake haolewi. "Siwezi, Lusu. Nitakulilia mwaka mzima, lakini siwezi." Lusubilo alimjua. Nesta akisema hawezi, hawezi.

Basi akaingia kwenye simu kutafuta dawa. Huko akakuta wanaume wa nchi za mbali wakijipaka povu zito kwa brashi, wakijinyoa taratibu kwa kinyoleo cha chuma chenye wembe mmoja tu, na ngozi zao zikabaki salama. Walisema hiyo ndiyo njia ya watu wa ngozi nyepesi kuumia. Lakini walisema kwa Kiingereza cha kukimbia, na Lusubilo alichoshika ni vitu vitatu tu, brashi, kinyoleo na povu jingi. Akavuka hadi Nakonde, akavipata kwa muuza vikorokoro mmoja, akarudi anatabasamu peke yake njiani.

"Jaribu leo, tuone," Clement akamshauri.

"Nijaribu leo ili vipele vinitoke? Hapana. Uso wangu huvimba kesho yake. Nitanyoa asubuhi ya siku yenyewe. Uso ukija kushtuka, nimeshapewa mke."

Clement akakuna kichwa. Akaona ni akili kubwa. Hawa wawili ndio waliokabidhiwa jambo zito la ndoa, hebu fikiria.

Wakalala gesti Isongole. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Ileje mwezi huo haina mchezo. Alfajiri Lusubilo akatoka uani na kioo chake, akachota maji ya ndoo, ya baridi ya kuuma meno. Kipande cha sabuni cha gesti kikagoma kutoa povu, labda kwa vile kilikuwa kimebaki chembamba mno. Pembeni ya karo palikuwa na mche wa sabuni ya kufulia. Akasugua brashi humo. Povu lilivyojaa! Akajipaka shavu la kushoto hadi jicho likafumba, akavuta ngozi kama avutavyo Masudi, akakandamiza kinyoleo na kupandisha juu. Akapapasa, akaona bado pana ukwaruzo. Akarudia, akarudia tena. Kisha akatoa kichupa cha spiriti alichobeba kutoka Tunduma, akajimiminia.

Ukelele alioutoa ulimtoa Clement chumbani na shuka kiunoni.

"Mungu wangu! Shavu lote nyama tupu! Haya, malizia huo upande mwingine, tutachelewa bure."

"Siugusi."

"Utaendaje ukweni nusu mtu nusu beberu?"

"Nitakwenda hivyohivyo," Lusubilo akasema. Aliona wazi kwamba Nesta anamponyoka, na aliyemponyosha ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Clement akamhurumia, akavua skafu yake ya sufu na kumzungushia usoni hadi chini ya macho.

Sasa, kwa watu wa ukoo ule, mkwe haguswi. Hapewi mkono. Anachuchumaa mbali, anapiga makofi taratibu, anaitikiwa kutoka hukohuko. Anakalia kigoda chake peke yake, anakula kwenye sahani yake peke yake. Siku mahari ikipokelewa ndipo baba mkwe humshika kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na akishamshika, mambo yamekwisha. Huyo ni mtoto wa nyumba, hakuna wa kumrudisha. Kabla ya hapo, hata kumpangusa vumbi begani ni mwiko.

Lusubilo akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi yake vizuri, akapewa kigoda. Ukoo ulikuwa umejaa barazani. Mzee Rabson, mrefu, mkavu, kidevu chake safi kabisa, alikaa akimtazama huku Clement akimwaga maneno ya kishenga, mfuko wa mahari mapajani. Mwisho mzee akachoka.

"Kijana, nilisema uje na uso. Toa hilo blanketi."

Lusubilo akafungua skafu. Shavu la kulia ndevu tele, la kushoto jekundu, limechanika, linachuruzika maji. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Si nilisema mimi?" Gwalugano akaruka. "Si nilisema? Ugonjwa huo! Umezidi! Mwambieni aende zake!"

Nesta alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Lusubilo hakuweza kumwangalia. Alitamani ardhi impasukie.

Mzee Rabson aliinama mbele, akakunja macho, akalichunguza lile shavu.

"Dada, hebu nieleze. Ugonjwa gani unashika shavu moja, unaacha la pili?"

Gwalugano akajifunga upya kanga yake.

"Kijana, umetumia sabuni gani?"

"Ya... ya kufulia, baba."

"Maji?"

"Ya ndoo."

"Ya ndoo, mwezi wa sita. Wembe umeupeleka juu au chini?"

"Juu, baba."

"Mara ngapi?"

"Mpaka palipolainika."

"Halafu ukapaka nini?"

Lusubilo akanong'ona, "Spiriti."

Mzee Rabson akajifunika macho kwa kiganja. "Huyu haumwi," akasema hatimaye. "Huyu ni mjinga tu. Mama Nesta, chemsha maji!"

Kicheko cha Nesta kikapasuka huko jikoni, na Lusubilo, pamoja na moto wote ule shavuni, akahisi moyo wake umepata pa kushika.

Wakahamia kibaraza cha nyuma, ukoo mzima, maana nani angekubali kupitwa? Mzee akatoka ndani na taulo lililokunjwa. Ndani yake mlikuwa na kinyoleo cha chuma kilichofifia rangi na brashi iliyoanza kupata kipara. Vitu vyake mwenyewe, alivyovitunza kuliko baiskeli. Akavua wembe uliokuwamo, akaweka mpya, kisha akafungua kola na kuonyesha shingo. Ilikuwa na makovu meusi ya zamani, madogomadogo, yamejaa hadi chini ya koo.

"Unaona? Mimi pia. Nilifuga ndevu hadi mama huyu akaniuliza kama nina kidevu." Mama Nesta, ambaye kwa heshima ya mkwe alikuwa amegeuzia kibaraza mgongo, akaguna kwa kucheka. "Haya, fanya ninavyosema. Lile shavu bovu usiliguse, liache lipone. Tunashughulika na hili zima."

Kwanza akapewa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, akakibandika kwenye ndevu mpaka mzee aliporidhika kwamba zimelainika. Zile ndefu akazipunguza kwa mkasi. Ikaletwa sabuni ya kuogeshea watoto, akazungusha brashi humo polepole, kisha akazungusha usoni.

"Usipige rangi! Unapaka ukuta? Zungusha. Ndevu zisimame, povu liingie chini yake. Sasa acha likae. Una haraka ya wapi wewe? Unakwenda kupakia lori?"

Watu wakacheka, na Lusubilo pia akacheka kidogo.

"Papasa ujue ndevu zimelalia wapi. Unazifuata zinakoelekea. Usikandamize! Chuma hicho kina uzito wake, kiache kijishushie. Kidogo kidogo. Suuza. Tena. Pakibaki pana ukwaruzo, paache! Hakuna anayekuja kupapasa."

Na kweli, wembe ulikuwa ukiteremka shavuni, ndevu zinaondoka, na ngozi imenyamaza. Lusubilo alisubiri ule moto anaoujua tangu ujana wake. Haukuja. Alitaka kupiga kelele za furaha. Hivi miaka yote ile alikuwa akijichuna bure?

Lakini alipofika shingoni akapotea njia. Ndevu za hapo zimelala ovyo, nyingine zinakwenda kulia, nyingine zinapanda, na macho ya ukoo mzima yalikuwa juu yake. Kinyoleo kikateleza. Damu kidogo ikatoka.

"Umeona?" Gwalugano akasema. "Hata kujinyoa hawezi. Mke atamweza?"

Lusubilo akapangusa damu kwa kidole. Akakishusha kinyoleo, akatazama chini.

Mzee Rabson akasimama. Akatembea hadi kwenye kigoda, akamnyang'anya kinyoleo, na kwa mkono wa kushoto akamshika kidevu na kukiinua.

"Kaka!" Sauti ya Gwalugano ilikuwa ya mtu aliyeona moto kwenye paa. "Kaka, umemshika! Umemshika mkwe! Mahari hatujapokea!"

"Njoo wewe umnyoe mtu shingo bila kumshika."

"Lakini ndiyo hujasema! Hujasema wala ndiyo wala hapana!"

Mzee akaendelea na kazi yake. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto, vikinyoosha ngozi kidogo tu, vikipapasa ndevu zimelalia wapi kabla wembe haujapita. Baba yake Lusubilo alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wembe alijifunza kwa kuwatazama wenzake kwenye kioo cha lori, na hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mwanamume kumshika uso, ukiacha Masudi, ambaye siku zote ana foleni. Machozi yakamtoka kabla hajajua yanatoka, akaona aibu, akajaribu kugeuka, na vile vidole vikamzuia.

"Usilie sasa. Povu linachuruzika."

"Kaka, nakuuliza!"

Mzee Rabson akasuuza kinyoleo kwenye beseni, akakikung'uta, na bila kukiachia kile kidevu akamgeukia dada yake.

"Si nimeshamshika? Mbele yenu wote nimemshika. Mshenga yuko pale na mfuko wake. Pokeeni mahari, mnangoja nini? Na wewe nenda kakate alovera yako pale uani, uje umpake mkweo hilo shavu lingine. Spiriti asiione tena maisha yake."

Nesta ndiye aliyeanza vigelegele, vikadakwa na wanawake wengine. Gwalugano alisimama, akakitazama kile kidevu mkononi mwa kaka yake, akasonya, kisha akaenda zake uani, na wakasikia kisu kikikata alovera, nyingi kuliko ilivyohitajika. Clement alikuwa anahangaika na fundo la mfuko, mwisho akalifungua kwa meno.

Lusubilo akataka kuinuka ashukuru, apige makofi, afanye heshima yoyote inayostahili. Mzee akamkalisha palepale.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Bado kidevu."