Dohani Tatu za Ambokile

Siku hizi Ambokile mwenyewe hakatai tena: siku ile kule Dar es Salaam, mjinga alikuwa yeye. Si mjinga wa kuzaliwa, hapana. Mjinga wa kujitakia, yule anayekataa msaada asubuhi na kuhema kama mbwa ifikapo alasiri.

Chanzo chake kilikuwa Lyulilo, gulioni kwetu kando ya ziwa, pale vyungu vya Wakisi vinaposhushwa kutoka mitumbwini. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo Ambokile alichukua mzigo wa Wajerumani hadi pwani, akarudi na masimulizi tele: makanisa yenye minara, maduka ya Wahindi, askari wanaopiga tarumbeta. Lakini wali wenyewe wa simulizi, uliongojewa na wote, ulikuwa meli.

"Ina dohani tatu," alikuwa akisema, amekalia chungu kilichofudikizwa. "Tatu! Zikitoa moshi, kuku wanaingia bandani wakidhani jua limetua."

Kwa ajili ya dohani hizo Ambokile alipewa samaki wa kuchoma, akapishwa mahali pa kukaa na watu wenye mvi. Kumbe meli hakuiona. Siku zote alizokuwa mjini alilala na homa katika banda la wapagazi, akisikia honi tu kwa mbali.

Basi alipopata safari ya pili, alikuwa na neno moja moyoni: aione meli kwa macho yake, ili uongo ugeuke kweli kabla hajatokea mtu wa kumuumbua.

Shida ni kwamba safari hii hakwenda peke yake. Baba yake, mzee Nsajigwa, alitaka kumwona mwanawe mdogo, Hezroni, ambaye alikuwa kuli bandarini na hajatia mguu nyumbani mwaka wa pili sasa. Na mkewe, Tusekile, mama wa mtoto wao Ezra, alichukuliwa kuwapikia wapagazi. Wote wawili walikuwa wakidai ahadi ya Ambokile: "Nitawatembeza mji mzima."

Sasa, kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala mzee hamtazami mkamwana. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani, anainama, mpaka mzee apite. Mchungaji alishalikemea jambo hilo madhabahuni, waumini wakaitikia amina kwa sauti nzuri, kisha wakarudi nyumbani kwa njia mbili tofauti.

Porini haikuwa taabu. Mzee alitembea mbele na wenye mizigo, Tusekile nyuma na wapishi. Kwenye gari moshi walipanda mabehewa mawili. Lakini Dar es Salaam! Barabara pana, zimenyooka kama zimechorwa kwa kamba, na mgomba hata mmoja hakuna.

Asubuhi ya siku yao moja ya mapumziko Hezroni alikuja mapema.

"Kaka, nimeomba ruhusa leo. Mimi nitakwenda na tata, mzee wetu, wewe mtembeze shemeji. Mchana tubadilishane njia."

"Wewe?" Ambokile akacheka. "Mji huu niliujua kabla yako, mdogo wangu. Niliwaahidi mimi, nitawatembeza mimi."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Kuli wa bandarini anazijua meli kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Mzee angeuliza habari za dohani, na Hezroni angejibu.

"Haya," Hezroni akasema, akijifunga shuka vizuri. "Meli inatoka saa tisa. Usije ukasema hukuambiwa."

Akaenda zake kazini, na Ambokile akaanza mbio.

Alimwacha Tusekile kwenye ngazi za kanisa, akampeleka mzee kwenye bustani ya Wajerumani. Mzee akazunguka miti iliyoandikwa majina kwenye vibao, akatazama juu, akatazama chini.

"Huu unazaa nini?"

"Hauzai, tata. Ni wa kutazama."

"Na huu?"

"Nao ni wa kutazama."

"Watu hawa wana njaa ya macho," mzee akasema, akakaa chini kupumzika.

Ambokile akarudi mbio kanisani. Tusekile alikuwa ameukinai mnara. Akamchukua kwenda maduka ya Wahindi, lakini walipokata kona ya kwanza, huyo mzee, amechoka kusubiri, anakuja na fimbo yake katikati ya barabara! Tusekile akatafuta mgomba, akakosa. Akageuka, akabandika uso kwenye ukuta wa duka. Mzee naye akageuka, akabandika uso kwenye ukuta wa pili. Mwenye duka akatoka kuuliza kama wanapima ukuta wake. Ambokile akabaki katikati ya barabara, jasho linamchuruzika, punda wa gari la maji akimpigia kelele apishe.

"Baba Ezra," Tusekile akasema bila kugeuka, "mbona hukumkubalia shemeji?"

"Nyamaza, mama."

Akamwacha Tusekile madukani, akampeleka mzee ufukweni. Mzee akachota maji kwa kiganja kama tunavyochota ziwani, akanywa, akatema hadi kwenye miguu ya mwanawe. Hapo ikabidi atafutiwe maji ya kusukutua. Ambokile akakimbia kuyatafuta, akakimbia kuyaleta, akakimbia kumtazama Tusekile. Kila alipotazama jua, jua lilikuwa limesogea na yeye alikuwa hajaona kitu.

Saa tisa ikakaribia. Akafanya hesabu yake ya mwisho: mzee akae chini ya mti huu wa mvinje, karibu na mlango wa bandari; Tusekile akae kule wanakouza samaki; yeye asimame katikati, aione meli kwa raha zake.

Honi ikalia.

Wee! Mji mzima ukamiminika ufukweni. Wachuuzi, watoto, askari, mama wenye beseni vichwani. Wimbi la watu likamzoa Tusekile kutoka kwenye samaki, likamsukuma, likamsukuma, mpaka likamtua hatua tatu kutoka kwa baba mkwe wake. Mbele bahari, nyuma watu. Pa kugeukia hapana.

Ambokile akavua shuka yake ya begani. Ncha moja akaifunga kwenye mvinje, nyingine akaishika mwenyewe kwa mikono miwili, shuka ikawa ukuta: huku mzee, huku mkewe. Upepo wa bahari ukaijaza, ikamvuta, akakita visigino mchangani na kuipa bahari mgongo ili aweze kuvuta.

"Tata, usitazame huku! Mama Ezra, inama! Tata, nimekuona!"

Nyuma yake kitu kikubwa kikapita. Alikisikia kikitetemesha ardhi chini ya nyayo zake. Kivuli chake kikapanda shuka polepole na kushuka. Watu wakapiga vigelegele. Alipofanikiwa kugeuza shingo, meli ilikuwa imeshapinda, kilichobaki ni moshi na bendera ndogo kama kitambaa cha kufutia kamasi.

Njia ya kurudi akatembea peke yake, kati ya mzee aliye mbele na mkewe aliye nyuma.

Lyulilo waliwapokea kwa ndaga nyingi, salamu na shukrani za kwetu. Mzee akakaa na wanaume upande huu wa lundo la vyungu. Tusekile akakaa upande wa pili na rafiki yake Neli, mfinyanzi, amewapa wanaume mgongo kama ipasavyo.

"Haya, mzee," mmoja akauliza, "zile dohani tatu umeziona?"

"Mbili," Nsajigwa akasema.

Ambokile akakohoa.

"Tatu, tata. Pale ulipokuwa, moja ilijificha."

Kutoka nyuma ya vyungu sauti ya Neli ikasikika: "Tusekile anasema mbili."

Watu wakaanza kucheka. Aliyekuwa ameketi kwenye chungu cha Ambokile hakunyanyuka kumpisha. Hapo hasira ya safari nzima ikampanda Ambokile kichwani.

"Mimi ningejuaje?" akapiga kelele. "Ningeiona saa ngapi? Huku shuka, huku mzee, huku mke! Nimetembea mpaka kucha zimeng'oka, meli imepita mgongoni kwangu, kwa sababu yenu nyinyi wawili! Nyinyi ndio mlioninyima!"

Kicheko kikakatika. Nyuma ya vyungu Tusekile hakugeuka, wala hakupandisha sauti, ila kila mtu alimsikia.

"Neli, mwambie Baba Ezra hivi: mimi na mzee tulikatazwa kutazamana, tukatazama meli. Yeye hakukatazwa kutazama kitu, akatutazama sisi."