Sauti Kutoka Dungu la Pili

Mwanga wa asubuhi ulitanda juu ya maji, na maji yalitanda juu ya bonde, mpunga umezama hadi shingoni. Katika maji hayo Maulida aliiona sura yake, nzima, haikupungua hata nyusi, akaichukia. Sura hiyo ndiyo mama yake aliyoikataa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, miaka ya mitumba. Maulida alikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea ubongo: unavyoona, unavyokumbuka, unavyopenda. Habari zikamfika kwamba mama yake, Bi Semeni, ameteleza kwenye ngazi ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo wanamolindia mpunga, akagonga kichwa kwenye gogo. Maulida alipanda lori hadi Kibiti, akaunganisha hadi Mkongo, akamalizia kwa mtumbwi, roho juu njia nzima.

Mama, amelazwa mle dunguni, alimtazama. Alimtazama sana. Kisha akavuta kanga akajifunika kifua.

"Huyu siye," alimwambia Mfaume, kitindamimba wake. "Kafanana naye kila kitu, lakini siye. Sura ya mwanangu kaivaa kama mtumba."

Maulida alipoita "mama", Bi Semeni aliziba masikio. Chakula alichopika Maulida hakukigusa, hata kiletwe na Mfaume. Kina sumu, alisema, chungu kakishika yule. Mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza.

Maulida alijua. Alijua vizuri mno. Njia ya kutoka jichoni kwenda penye mapenzi ilikuwa imekatika. Jicho linaona sura, moyo haushtuki, na akili, kwa kutafuta sababu, inasema huyu mwizi. Alimweleza mdogo wake yote hayo, kituo kwa kituo, kama mtu anayejibu mtihani.

"Basi iunge, dada," Mfaume alisema. "Si ndiyo umesomea?"

Maulida aliona aibu, aliona uchungu.

Akavuka kwenda dungu la pili, ng'ambo ya matete, alie peke yake. Ndege wakashukia mpunga. Kwa mazoea ya utotoni alipaza sauti kuwafukuza, ule wito wa bondeni, mrefu, unaopanda na kushuka. Nyuma ya matete sauti ikaitika.

"Mau? Mwanangu, ni weye?"

Sikio lilikuwa na njia yake, na njia hiyo ilikuwa nzima.

"Ni mie, mama. Kula, mama. Chakula hicho ni salama."

"N'takula. Lakini usije huku, mwanangu. Kuna mwanamke hapa kakuibia sura. Atakudhuru."

Na Bi Semeni akala.

Sasa ndivyo wanavyoishi. Chuo kimefunguliwa, wenzake wamerudi darasani. Maulida hupika, Mfaume hupeleka sahani, na dada huvuka matete na kuita. Mama hula. Siku nyingine hata hucheka. Akishiba huuliza swali lilelile.

"Yule akiondoka, utakuja?"

"Nitakuja, mama."

Mwanga hutanda juu ya maji, na sura yake imo humo, nzima, inamngoja. Maulida huipiga kwa kiganja mpaka ivunjike, kisha huita.