Bulaimu Kwenye Televisheni ya Odile

Tangu asubuhi ya Jumapili ile Mwanvua hakukaa kitako. Alifagia chumba, akakifagia tena. Alichambua mchele ambao jana alikwisha kuuchambua. Akaenda dirishani, akainua pembe ya pazia, akaangalia ng'ambo ya barabara, kwa Odile, ambako watu walikuwa wanaingiza viti na vibao vya kukalia. Akaachia pazia.

"Wifi, keti," akasema Mwanahamisi, bila kuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga. "Unanizungusha kichwa. Eda ni ya kukaa, haiko ya kutembea."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Mukeka imekusahau."

Mwanahamisi alikuwa dada mkubwa wa marehemu Bulaimu. Alitoka Lokandu siku ya mazishi na hakurudi, alibaki ili mjane wa mdogo wake amalize eda kama inavyotakiwa. Alimchunga kama mpunga ulioanikwa juani, na kwake kila aliyekohoa mlangoni alikuwa kuku.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka kumi nyuma watu wa televisheni walitoka Kinshasa na mashine zao, wakapiga filimu kwenye stesheni ya treni hapa Kindu, filimu ya vipande vingi, hadithi ya jamaa moja ya watu wa reli. Wakachukua watu wa mjini wajaze nafasi. Masudi, fundi wa cherehani, alipewa mfuko abebe. Bulaimu, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuinua bendera treni iondoke, aliambiwa ainue bendera treni iondoke. Kinshasa waliiona mwaka ule ule, wakaipenda. Kindu hawakuona kitu, maana antena ilikuwa haijafika. Watu walicheza filimu, wakabaki wanasimuliwa na wasafiri. Sasa antena ipo, na redio ilitangaza kwamba filimu inatimiza miaka kumi, kwa hiyo Jumapili saa kumi na moja kipande cha kwanza kitaonyeshwa tena. Kindu walilicheka sana hilo neno "tena".

Bulaimu angecheka kuliko wote. Lakini huu ulikuwa mwezi wake wa tatu kaburini.

Na Mwanvua hakuhangaikia filimu. Ugonjwa ulimpiga Bulaimu upande mmoja, ukamlaza miaka miwili. Mdomo ulivutwa kuelekea sikio, jicho moja likakataa kufumba, uji alinyweshwa kwa kijiko na nusu yake ikarudi shingoni. Mwanvua alimfuta, wala hakunung'unika. Ila sasa, kila akifumba macho amwombee dua, uso unaokuja ni ule wa kitandani. Ule wa zamani aliutafuta asiuone. Picha yao ya ndoa ililiwa na mchwa. Walioana yeye bado msichana, na miaka miwili ya mwisho ilikuwa imemeza mingine yote.

"Wifi," akasema, "nataka kuvuka kwa Odile."

Mwanahamisi akasimamisha mchi. "Kufanya nini?"

"Kumuona."

"Bulaimu tulimuzika. Kule iko kioo tu."

"Njo hiyo kioo ninaitaka."

"Mwenye eda anatoka kwa haja. Dawa ni haja. Maji ni haja. Televisheni ni haja gani?"

Mwanvua akarudi dirishani.

Baada ya adhuhuri Odile akaja mwenyewe. Kwenye karatasi za Serikali alikuwa na jina lingine, la mababu, kama sheria ilivyotaka, lakini barabara nzima ilimwita Odile. Alisimama mlangoni, akaogopa kuingia.

"Mama Mwanahamisi, nilimuambia bwana yangu Donatien tubebe televisheni tuilete hapa. Anasema waya ya gurupu haifiki, tena watu wataifuata."

"Watafuata, wakae humu wanacheka, nyumba ya matanga. Mulete na pombe basi."

"Mimi ni mukristo, mama, eda sijue. Najua tu kiti iko." Akaenda zake.

Mwanvua alikunja nguo zilizokunjwa. Alitia maji kwenye mtungi uliojaa, yakamwagika miguuni. Kisha ng'ambo gurupu, ile jenereta ya umeme, ikaanza kunguruma, na muziki ukasikika, na watu wakaitana waingie upesi. Akaja akasimama mbele ya wifi yake.

"Nimemusahau," akasema.

"Umesahau nani?"

"Bulaimu. Nakumbuka mugonjwa. Mume wangu, sura yake siioni tena. Siku zitatimia, nitavua hii nguo, nitakuwa nimemukalia eda mugonjwa. Yeye je?"

Mwanahamisi akaweka mchi chini. Halafu akafungua kitenge chake kikubwa cha kujitanda, akamrushia.

"Jifunike vizuri. Nenda na jua, rudi na jua. Na usicheke kule."

"Twende wote, wifi."

"Sombe itajitwanga?"

Mwanvua akavuka. Sebule ya Odile ilikuwa na mlango mmoja tu upande wa barabara, na mlango ule ulijaa wanaume. Wanawake walikuwa mbele, juu ya mikeka. Apite wapi? Mwenye eda hapiti katikati ya wanaume, wala mwanaume hamtazami. Akasimama kizingitini, kichwa chini, tayari kurudi.

Masudi ndiye aliyeiona miguu yake. Miaka kumi Masudi alikuwa anawaeleza wateja jinsi alivyobeba mfuko ule, na sasa herufi za kwanza zilikuwa zinapita kwenye kioo. Akazitazama, akashusha pumzi, akainuka.

"Wanaume, tutoke kwa jikoni."

"Na mufuko wako je?" akauliza Donatien.

"Mufuko utabaki ndani."

Wakatoka, wengine wananung'unika. Donatien, na koti lake la abakosti alilolipigia pasi kwa ajili ya siku ile, aliiacha televisheni yake mwenyewe akaenda kusimama na gurupu.

Mwanvua akaketi nyuma kabisa. Kwenye kioo ilikuwa stesheni, ile ile, ila ukuta bado mweupe. Wanawake wakawa wanatajana majina. Mama mmoja wa Kinshasa alikuwa anaagana na mwanawe, analia, na nyuma yao, pembeni, Bulaimu akatokea na bendera kwapani.

Alikuwa anatafuna.

Wale wanalia, yeye anatafuna. Taya lilikwenda huku na huku, pande zote mbili, bila haraka, kama mtu ambaye treni ni ya baba yake. Akameza. Akapangusa mdomo kwa bendera, akaiinua juu. Treni ikaondoka.

Wanawake wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka, wakageuka kumtazama mjane. Mabega yake yalikuwa yanatikisika ndani ya kitenge. Agizo la wifi lilikuwa limekwisha kumtoka.

Hakungoja kipande kiishe. Alipokuwa anavuka alisikia Masudi nyuma ya nyumba anauliza kupitia dirishani, "Odile, mimi nilipita?"

"Mufuko ulipita. Na mukono."

"Mukono wa kuume?"

"Wa kuume."

"Njo huo," akasema Masudi, akaridhika.

Nyumbani sombe ilikuwa vile vile kwenye kinu, haikuguswa. Mwanahamisi alikuwa kwenye kigoda chake. Aliokota jani, akalitupa.

"Alikuwa anatafuna," akasema Mwanvua.

"Nini?"

"Karanga, nazani."

"Kazini?"

"Kazini. Treni inamungojea."

"Mama alimupiga kwa sababu ya hiyo," akasema Mwanahamisi. "Hata sala ya Idi, alikuwa anatafuna katika safu." Akasogeza kigoda karibu, magoti yao yakagusana. "Onyesha."

Mwanvua akafumba macho, akaanza kutafuna hewa, huku na huku. Mwanahamisi akamtazama mdomo, asipepese.

"Polepole," akasema. "Yeye alikuwa polepole zaidi."