Songa Kidogo, Shangazi

Jumamosi asubuhi fundi alifika na begi lake la vyombo, akavua viatu barazani, akaomba maji ya kunywa, kisha akaomba aonyeshwe ukuta. Televisheni ilikuwa imeegemezwa kwenye sofa, bado ina nailoni usoni. Ili iingie ndani ilibidi mlango wa mbele ung'olewe, na mlango ule, wa zamani kama nyumba yenyewe, ulikuwa umelala uani ukisubiri bawaba mpya.

"Ukuta ndio huu," alisema mwenye nyumba. Mtaani walimwita Bwana Mipango, kwa sababu kila jambo lake, ukimwuliza, lilikuwa kwenye mipango. "Nataka ikae hapa katikati. Mtu akiingia tu, uso kwa uso."

Fundi alichomeka penseli sikioni, akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, akisikiliza. Kuta za nyumba kama ile huwa ni mawe, udongo na matumaini. Alipofika katikati, ukuta nao ukamgongea.

"Humu kuna mtu," alisema.

"Ni shangazi."

"Yuko usawa gani? Nisije nikamtoboa."

"Mwulize mwenyewe. Anasikia vizuri tu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti kutoka nyuma ya plasta. "Hapo ulipogonga ni begani kwangu."

Fundi akaweka alama ya penseli, akaandika *bega*. Katika kazi yake alikuwa amekuta nyaya, mabomba na kiota cha njiwa ndani ya kuta. Mtu ilikuwa mara ya kwanza, lakini utaratibu ni uleule: unauliza kwanza, ndipo unatoboa.

Nyumba ile waliijenga watu wawili. Kaka alitoa kiwanja na kupandisha kuta. Dada yake, ambaye ndiye shangazi, alitoa mabati, milango na madirisha, vyote kwa cherehani yake. Chumba chenye dirisha la uani kilikuwa chake. Kaka alipofariki na mtoto wake, ndiye Bwana Mipango, akaoa, kilikuja kitanda kipana, na shangazi akaambiwa songa kidogo. Akahamia sebuleni. Likaja sofa, akasonga kwenye kona. Likaja kabati la vyombo, akasimama nyuma ya mlango. Siku lilipoletwa friji alikuwa tayari ameegemea ukuta. Akaambiwa songa kidogo, shangazi, na kwa vile hakuwa mtu wa kubishana, akasonga. Mwaka uliofuata ukuta ukapakwa rangi. Chai anapitishiwa kwenye tundu la hewa, na wageni wakiondoka huuaga ukuta kwa heshima.

Fundi akawasha mashine. Shangazi akamwongoza. "Hapo jiwe. Teremka. Hapo udongo mtupu, utajisumbua." Vumbi la chokaa likawaangukia wote. Lakini kila skrubu iliyoingia ilizunguka tu, kama kijiko kwenye chai.

"Ukuta haushiki," alisema fundi. "Iwekeni mezani."

"Ya mezani tulikuwa nayo," alisema Bwana Mipango. "Sasa nimenunua nini?"

Mkewe, aliyekuwa akifunika vyombo visiingie vumbi, alisema, "Kwani shangazi si yuko hukohuko ndani? Si azishike tu hizo skrubu?"

Fundi akaitazama mashine yake. Bwana Mipango akautazama ukuta.

"Nitazishika," alisema shangazi. "Lakini na mimi nina neno."

"Sema, shangazi yetu."

"Nataka chumba changu. Kile cha dirisha la uani. Nikae kitako, miguu imechoka."

"Mbona hilo liko kwenye mipango!" alisema Bwana Mipango. "Tatizo ni moja tu. Ukitoka, nani atashika?"

Fundi akasema kuna boliti ndefu zinazopita ukuta mzima hadi nje, zikabanwa na bamba la chuma. Hana hapo, ila Jumamosi ijayo atazileta. Kwa hiyo ikakubaliwa kwamba shangazi ashike kwa wiki moja, kisha atoke. Mchana ule Bwana Mipango alitoa godoro bovu na feni iliyovunjika kwenye kile chumba, kilichokuwa stoo tangu kitanda kihamishiwe chumba kingine, akafagia. Shangazi akausikia ufagio. Fundi naye alipoweka pima maji juu ya televisheni, kipovu kilitulia katikati kabisa.

"Umeshika vizuri, shangazi."

"Nimeshona maisha yangu yote, mwanangu. Mkono hautetemeki."

Jumamosi iliyofuata fundi alirudi na boliti. Bwana Mipango alimpokea barazani.

"Umejisumbua bure, fundi. Chumba kimejaa."

"Si ulivitoa vitu?"

"Nilivitoa. Sasa kuna boksi."

"Boksi gani?"

"La televisheni. Garantii inataka boksi lake, na boksi lenyewe unalijua. Halikunjwi. Limeenea kutoka mlangoni hadi dirishani. Sasa tukimtoa shangazi, tumweke wapi?"

Fundi akaingia sebuleni, akasimama mbele ya televisheni. "Shangazi, boliti nimezileta."

"Asante, mwanangu. Ziweke juu ya kabati."

Akaziweka.

Televisheni ikaendelea kuning'inia. Siku nyingi ilikaa sawa, ila shangazi alikuwa na pua kama mtu mwingine yeyote, na pua huwasha. Kila alipojikuna kwa mkono mmoja, upande wa kulia ulishuka, na waliokaa kwenye sofa waliinamisha vichwa kuifuata picha. Ajabu ni kwamba haikumwasha wakati wa matangazo. Iliwasha penalti inapopigwa, na bibi harusi wa kwenye tamthilia anapotaka kujibu. Majirani waliokuja kutazama waliizoea haraka. Mmoja wao alianza kutembea hivyohivyo hata barabarani, kichwa begani, na alipoulizwa alisema ndivyo picha inavyoonekana vizuri.

Jumapili moja alasiri, fainali ikiwa imefika patamu, shangazi aliuliza, "Mwanangu, hilo boksi linatoka lini?"

"Garantii ikiisha, shangazi."

"Na hiyo garantii ni ya nini?"

"Ni ya televisheni. Ikiharibika, tunairudisha ndani ya boksi lake."

"Yaani ikitoka ukutani, ina pa kwenda."

"Hasa," alisema Bwana Mipango, akifurahi kwamba ameeleweka.

Upande wa kulia wa televisheni ukashuka polepole, zaidi ya siku zote, na mchezaji mwenye mpira akaanza kupanda mlima. Bwana Mipango akainamisha kichwa hadi sikio likagusa bega. Bado goli halikuonekana.

"Songa kidogo," alimwambia mkewe.

Mkewe akasonga. Alikuwa amekaa mwisho wa sofa, na kiwiko chake kikaingia kwenye ukuta wa pembeni bila kelele, kama kinavyoingia kwenye mto. Akakitoa, akapangusa chokaa, akaendelea kutazama mpira.