Chui wa Rumangabo

Wiki ya tatu tangu binti yake Bénita apotee, simu ya Ézéchiel ililia ikiwa bado imeunganishwa na waya wa sola kwa Modeste. Modeste ndiye aliyeufungua ujumbe. Yeye hufungua jumbe za watu wote wa kambi ya wakimbizi wanaochaji simu kwake, na ukimuuliza anakwambia anaangalia tu kama moto wa betri umejaa.

"Ézéchiel! Kuya mbio! Banasema mutoto iko!"

Ézéchiel aliacha ndoo yake kwenye foleni ya maji ya Munigi, akakimbia juu ya yale mawe meusi ya volkano bila kuhisi yanavyomchoma nyayo. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

Ujumbe ulikuwa mfupi. "Nimeona tangazo yako ku kundi. Mutoto wa miaka saba, triko ya jaune, kovu ku kiwiko. Iko kwangu. Ni muzima. Anaitwa Bénita."

Kovu lile lilitokana na maziwa ya moto. Sweta lile la manjano alilifuma marehemu mama wa mtoto. Ézéchiel alitaka kupiga kelele za furaha, na angepiga, kama asingeibonyeza ile picha ndogo ya mwenye kuandika ili aione vizuri.

Alikuwa mwanaume. Kofia ya kijeshi imelalia sikio, miwani myeusi, magwanda ya kijani, bunduki begani. Na jina lake hapo juu: Chui wa Rumangabo.

Furaha yote ikamkauka mdomoni.

"Soldat," Modeste akasema, akitikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa asiye na dawa. Modeste alikuwa katekista huko kwao Masisi, na hakuna jambo duniani ambalo hakuwa na maelezo yake. "Soldat anafanya nini na mutoto mwanamke? Jiulize. Na kama ni mutu muzuri, juu ya nini ajiite nyama ya pori?"

Ézéchiel hakutaka kujiuliza. Kwa wiki tatu alikuwa akijiuliza jambo moja tu: kwa nini aliuachia ule mkono. Siku mabomu yalipoanza kuanguka upande wa Sake, walikuwa barabarani na ng'ombe wanne wa tajiri wake, yeye mbele, mtoto pembeni. Bomu likalia, ng'ombe aitwaye Gaju akakurupuka, na Bénita, aliyempenda Gaju kuliko watu wengi, akamfuata. Moshi ulipotulia, hakuwepo ng'ombe wala mtoto. Kulikuwa na maelfu ya watu wenye magodoro kichwani, wote wakienda Goma, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama mtoto wa mwenzake.

"Sasa sikia," Modeste akaendelea, akasogea karibu. "Yeye anaona picha gani kwako?"

Kwenye simu ya Ézéchiel kulikuwa na uso wa Vanessa, mkewe, kitenge cha bluu, siku ya ubatizo. Simu ilikuwa ya Vanessa. Alipokufa kwa homa, miaka miwili iliyopita, Ézéchiel aliirithi pamoja na jina lililomo, Vanessa Mama Bénita. Kwao uso wa marehemu hauondolewi mpaka ndugu wakutane na kumaliza kilio. Nao ndugu hawakukutana. Vita viliwatawanya kabla ya siku kupangwa, na Vanessa akabaki anatabasamu kwenye simu.

"Anaona Vanessa," Ézéchiel akajibu.

"Basi anazani anaongea na mwanamke. Mwache azani! Akijua ni mwanaume anakuya, atakuya na benzake. Akizani ni mwanamke, atakuya peke yake. Hapo tunamukamata."

Lilikuwa shauri la kijinga, lakini woga haukuwa umemwachia Ézéchiel nafasi ya kuona hivyo. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Miye ni mama yake."

Chui hakujibu mpaka saa nane mchana.

"Mama yake kabisa? Ule alimuzala?"

"Ule alimuzala."

"Na bwana yako iko wapi?"

"Unaona!" Modeste aliruka. "Anauliza kama kuko mwanaume ku nyumba! Mwambie alikufa."

Akaandika: "Alikufa ku vita." Hivyo ndivyo Ézéchiel, kwa kidole kimoja na kwa siku moja, alivyomfufua mkewe na kujizika mwenyewe.

Tangu hapo mazungumzo yakawa ya paka na paka. Ézéchiel aliomba asikie sauti ya mtoto. Chui akasema tuma yako kwanza. Angeitumaje, na sauti yake ni nzito kama ya ng'ombe dume? Akaandika kwamba ana kikohozi. Basi tupigiane, akaomba tena. Chui akajibu kuwa mikro ya simu yake, ile ya kuongelea, imekufa. Ézéchiel akawaza: mtu anayekataa kusikika ana kitu anaficha. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekataa dakika mbili nyuma, hilo halikumjia kabisa.

Kila swali la Chui lilimzidishia mashaka. Mlikuwa mnaishi wapi? Anataka kujua kama tuna mali. Mtoto analalia upande gani? Hilo hata Modeste aliligunia. Ézéchiel alijibu kila kitu kwa usahihi, na kadiri alivyojibu kwa usahihi, ndivyo Chui alivyozidi kuwa mkali. Jambo hilo lilimtisha kuliko yote.

Hatimaye wakapatana. Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye tanki kubwa la maji la Munigi.

"Utanijua," Chui akaandika.

"Na miye utanijua," Ézéchiel akaandika.

Jumamosi hiyo alifika mapema, fimbo yake nyeusi ya kuchungia mkononi. Modeste alijificha nyuma ya mstari wa bidoni, yale madumu ya maji, rungu chini ya koti, akichungulia kila baada ya nusu dakika, hata watoto wakaanza kumcheka. Ézéchiel alisimama kwenye kivuli cha tanki akikagua wanaume. Kila gwanda lililopita lilimpandisha damu. Wanajeshi wawili walikuja, wakanywa maji, wakaenda zao. Hakuna mwenye miwani.

Pembeni yake, hatua tatu hivi, alisimama mama mmoja mnene, na beseni la samaki wa chumvi wa Vitshumbi miguuni pake. Alikumbatia mfuko wa plastiki kifuani. Naye alikuwa akikagua watu, lakini yeye aliwatazama wanawake tu. Kila mwanamke kijana aliyepita alimfuata kwa macho mpaka mwisho.

Saa nne ikapita. Saa tano ikakaribia. Ézéchiel akamwonea huruma yule mama. Je, kama Chui akifika na risasi zikianza? Mtu wa watu, amekuja kuuza samaki wake, afie hapa kwa jambo lisilomhusu?

"Mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "unangoja nani?"

Mama yule akamtazama toka juu mpaka chini. "Mutu."

"Hapa si pazuri leo, mama. Kuko mutu mubaya anakuya. Soldat. Rudia kwako."

"Nani alikuambia kuko soldat anakuya?"

"Usiniulize sana. Toka hapa tu, mama yangu. Mbio."

Yule mama akaitazama fimbo. Akatazama kule kwenye bidoni, ambako kichwa cha Modeste kilikuwa kimejitokeza tena. Uso wake ukabadilika rangi. Akainua beseni lake bila neno, akaondoka akienda mbio jinsi mwili wake ulivyomruhusu, mfuko bado umebanwa kifuani. Ézéchiel akashusha pumzi. Angalau leo nimeokoa mtu mmoja, akajisemea, na kwa muda mfupi akajisikia vizuri.

Chui hakuja. Walikuwa wamerudi kambini, wamekaa kwenye hema wakigombana juu ya nani aliyechungulia sana, simu ilipolia.

"Nilikuya miye mwenyewe. Wewe hukukuya, ulituma banaume na fimbo. Sasa nimekujua. Bénita aliniambia tangu siku ya kwanza: mama yake alizikwa nyuma ya kanisa, na papa yake iko muzima, anachunga ngombe. Wewe unavaa sura ya mufu juu ya kuiba mutoto. Kesho asubuhi tunapanda boti ya Bukavu. Usiniandikie tena."

Ézéchiel akasoma mara ya kwanza, asielewe. Akasoma tena. Papa yake iko muzima. Mtoto wake, katikati ya vita, alikuwa amemwambia mtu asiyemjua kwamba baba yupo hai, na baba mwenyewe akaandika kuwa amekufa.

"Ni mutego," Modeste akasema. "Hao basoldat bako na akili. Mwandikie hivi..."

"Funga kinywa, Modeste."

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu utotoni. Akaitoa simu mikononi mwake, akatoka, akaenda nyuma ya mahema ambako hakuna anayepita kwa sababu ya vyoo. Akabonyeza ile alama ya kurekodi sauti. Aliona aibu, aliogopa, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Miye si mama," akasema. "Miye ni papa yake. Vanessa alikufa. Niliona picha yako, nikakuogopa, nikakudanganya. Kama uko soldat, kama uko nini, sijui. Umuwekee mutoto hii simu ku sikio, kisha ufanye unachotaka."

Kisha akapiga mluzi, ule wa jioni, wa kurudisha ng'ombe, na akaita kama alivyokuwa akiita kila siku pale mlimani, huku Bénita akimsubiri juu ya ua: "Bihogo, oo! Mukara, oo! Madamu, oo!" La nne halikutoka. Akaachia kidole, na sauti ikaenda.

Alama mbili zikawa za bluu. Alichuchumaa pale kwa muda mrefu, akiitazama ile miwani myeusi kwenye picha, akiichukia.

Jibu lilipokuja lilikuwa la sauti, nalo lilianza kwa mtoto anayepumua karibu mno na simu.

"Papa, umesahau Gaju. Lakini usimuite. Gaju alikufa, nilimuona."

Ézéchiel akaweka simu kwenye paji la uso na kulia kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Sauti ya pili ikafuata. Ilikuwa ya mwanamke, mtu mzima, na ilitetemeka.

"Papa Bénita. Miye naitwa Jeanine, nauza samaki, naishi Keshero. Ile picha ni ya bwana yangu, Wenceslas. Alikuwa analinda nyama ya pori ku parc kule Rumangabo, alipigwa risasi mu barabara. Sikuiondoa. Mwanamke mujane akiweka sura yake, banaume banamusumbua kila siku. Bakiona bunduki, banamuheshimu. Mutoto nilimukuta amekaa peke yake pembeni ya barabara... Papa, nikuulize. Ule mwenye fimbo nyeusi, alinifukuza ku tanki, ni wewe? Triko yake nilikuwa nayo ku mfuko, nilitaka nione kama ule anajiita mama ataijua."

Modeste alikuwa amemfuata, bila shaka. Alisimama nyuma yake mdomo wazi. "Chui ni mama wa samaki," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maelezo.

Saa kumi ya jioni ileile, jua bado liko juu, Ézéchiel alikuwa tena kwenye tanki, peke yake, mikono mitupu. Aliwaona kwa mbali: mama Jeanine, safari hii bila beseni, amemshika mkono mtoto mwembamba mwenye sweta la manjano.

Bénita akajitoa mkononi, akaja mbio. Ézéchiel akafungua mikono. Lakini hatua mbili kabla hajamfikia, mtoto akasimama. Akamtazama baba yake usoni, akatabasamu. Kisha akainama upande, akatazama nyuma ya baba yake, akawapitia kwa macho wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya maji, mmoja baada ya mwingine.

"Na mama?" akauliza. "Iko wapi?"

"Mama gani, mwanangu?"

"Mama Jeanine alinionyesha picha yake. Nikasema huyu alizikwa. Lakini alikuwa anaandika kila siku. Aliandika anakuya."

Mama Jeanine akajifunika mdomo kwa kitenge, akageukia upande wa pili.

Ézéchiel akapiga magoti juu ya mawe, akamvuta mtoto kifuani, na akatafuta maneno ya kumwambia kwamba mama amekufa, harudi. Alikuwa amewahi kuyasema mara moja, miaka miwili iliyopita, Bénita akiwa na miaka mitano, na siku ile mtoto hakuuliza kitu. Safari hii aliuliza.